Wanaoisafisha Kairo

Mvua kubwa inyeshapo Bukavu, kila aishiye karibu na ziwa ajua yatakayofuata. Maji hushuka mbio toka vilima vya Kadutu, hupita katika mitaro na vijia, huzoa chupa, mifuko ya plastiki, vikopo na ndara zilizokatika, na kuvimwaga vyote katika ziwa Kivu. Toka hapo mkondo wavivuta polepole mpaka mdomo wa mto Ruzizi. Penye bwawa la Ruzizi ya Kwanza, lililojengwa wakati wa Wabelgiji, takataka hizo hutanda juu ya maji mbele ya mashini za umeme, hata mtu aziangaliaye kwa mbali hudhani ni nchi kavu. Wafanyakazi huziopoa kwa mikono yao. Wasipowahi, mashini husimama, na jioni mwanafunzi wa Bukavu husoma masomo yake kwa mshumaa.

Nasi husemaje? Husema ya kuwa mji hauna kamyo za kutosha, wala mapipa, wala fedha. Huenda ni kweli. Lakini leo napenda kuwachukua wasomaji mpaka mji mwingine wa Afrika, ambao siku moja ulipata kamyo, na mapipa, na fedha nyingi, na wataalamu toka Ulaya, nao ukazidi kuwa mchafu. Yafaa tuijue sababu yake, sisi tusemao kila siku kwamba miji yetu ipangwe upya.

Mji huo ni Kairo, mji mkuu wa Misri. Wakristu twaijua Misri tangu katekisimu: ni nchi ya Yozefu mwana wa Yakobo, ni nchi iliyoipokea Familia Takatifu ilipomkimbia Herode. Siku hizi Kairo pamoja na vitongoji vyake ina watu zaidi ya milioni 20. Mwanafunzi mwenye ramani ya mji huo atafute upande wa mashariki kilima cha mawe kiitwacho Mokattam, karibu na ngome ya kale ya masultani. Chini ya kilima hicho, katika mtaa wa Manshiyat Naser, hukaa watu ambao habari zao nataka kuwasimulia. Kwa Kiarabu cha Misri huitwa zabbalin, maana yake watu wa takataka. Si jina la heshima, lakini ndilo wanalojulikana kwalo, nasi tutawaita wazabali.

Kazi yao huanza kukiwa bado giza. Ili kuifahamu vema, yatupasa kwanza kuitazama nyumba ya Kairo. Nyumba nyingi za zamani katikati ya mji ni za ghorofa, nazo zina ngazi mbili. Ngazi ya mbele ni pana na ya mawe, ndiyo ya wenyeji na wageni wao. Ngazi ya pili iko nyuma, nyembamba, mara nyingi ya chuma, yazunguka kama konokono na kupita penye mlango wa jiko la kila nyumba. Waliochora nyumba hizo waliwawazia watumishi na wachuuzi. Ndiyo ngazi ya mzabali. Hupanda mpaka ghorofa ya juu kabisa, kisha hushuka mlango kwa mlango, akimimina kila ndoo katika kikapu kikubwa, au siku hizi gunia, alichokibeba mgongoni. Kikijaa, mtu aliye nyuma yake haoni kichwa wala mabega, huona mzigo wenye miguu miwili. Chini barabarani mtoto wake hulinda gari wasiibiwe. Zamani lilikuwa gari la punda. Karibu na mwaka 1990 wakubwa wa mji walikataza punda, kwa kuwa waliona wanautia mji aibu, na wazabali wakalazimika kukopa fedha wanunue motokari ndogo za mizigo.

Ni nani aliyewapangia kazi hiyo? Hakuna ofisi iliyowapangia. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa jangwa la magharibi, toka sehemu zenye chemchemi ziitwazo wahat, walikuja Kairo wakapatana na wenye nyumba: wao wataondoa takataka, nao wapangaji watawalipa fedha kidogo kila mwezi. Takataka kavu waliziuza zikawa kuni za kuchemshia maji ya mabafu ya watu wote na vyungu vikubwa vya maharagwe, chakula wakipendacho sana Wamisri. Baadaye mafuta ya mashini yalichukua nafasi ya kuni hizo. Basi, katika miaka ya 1940, wakaja wakulima maskini toka kusini, upande wa Assiut, waliokimbia ukosefu wa mashamba. Wengi wao walikuwa Wakristu wa Kanisa la Kikopti, walio huru kufuga nguruwe, mnyama ambaye Waislamu hawamgusi. Mabaki ya jikoni ambayo wengine hawakujua wayafanyie nini, nguruwe waliyala yote. Wale watu wa jangwani walibaki na haki ya majengo na malipo ya mwezi. Wazabali walipanda ngazi na kupata takataka zenyewe. Mapatano hayo hayakuandikwa popote, lakini kila mtu alijua ngazi ipi ni ya nani, na baba alimrithisha mwanawe njia yake kama vile kwetu baba amrithishavyo mwanawe shamba.

Mji haukuwapenda. Kila ulipokua uliwakuta ukingoni ukawasukuma mbele. Mwaka 1970 walifukuzwa toka Imbaba, ng'ambo ya Nili, wakaenda kupiga vibanda vya mabati chini ya Mokattam, mahali pa machimbo ya mawe pasipo maji wala umeme. Palikuwa mbali na pabaya, na kwa ajili hiyo hakuna aliyewania mahali hapo pamoja nao. Polepole vibanda vikawa nyumba za matofali.

Nyumba hizo zastahili kuangaliwa na kila mchora ramani. Ghorofa ya chini si sebule, ni karakana. Motokari hurudi nyuma hadi mlangoni, humwaga mzigo wake, na wanawake na wasichana huketi kuzunguka chungu ile wakichambua. Chakula huenda kwa nguruwe. Karatasi nyeupe hutengwa na karatasi za rangi, na maboksi hutengwa nazo zote mbili. Bati laini, bati gumu, shaba, kioo, nguo, mifupa, kila kimoja kina gunia lake. Plastiki peke yake ina namna nyingi, na mwanamke wa Mokattam huzijua kwa jicho na kwa kidole, upesi kuliko wewe na mimi tuzijuavyo herufi. Jirani ana mashini ya kusaga plastiki; jirani mwingine huiosha; wa tatu huiyeyusha akafanya vitundikio vya nguo; wa nne ana kinu cha kufunga karatasi marobota. Familia hukaa ghorofa za juu, na juu ya dari huanikwa kile kisichopata nafasi chini. Hivyo mtaa mzima ni kiwanda kimoja kisicho na mkurugenzi. Wataalamu waliokwenda kupima wameandika kwamba wazabali hugeuza hata sehemu 80 katika 100 za takataka wanazochukua, zikawa vitu vyenye kufaa tena. Nchi nyingi za Ulaya, pamoja na utajiri wao wote, hazifikii kiasi hicho.

Nisiwadanganye wasomaji wakadhani ni paradiso. Harufu hukamata koo. Katika magunia yatokayo hospitali hupatikana sindano zilizotumika, na ugonjwa wa ini ulioletwa na sindano hizo umewaingia wengi. Katika miaka ya 1970 watoto wachanga walikufa kwa wingi, wengi kwa pepopunda, na waliopona walipanda garini pamoja na baba yao badala ya kwenda shule.

Hayo ndiyo aliyoyaona Sista Emmanuelle. Huyu alizaliwa Bruxelles mwaka 1908, akamwona baba yake akizama baharini alipokuwa na umri wa miaka sita tu. Aliingia shirika la Notre-Dame de Sion, akafundisha miaka mingi Uturuki, Tunisia na Misri, mara nyingi binti za watu wenye mali. (Sisi walimu twaelewa: ni vizuri kufundisha mahali penye madawati, vitabu na sakafu iliyopigwa deki.) Mwaka 1971, alipokwisha kupita miaka 60, wakati wenzake walipotazamia kupumzika, aliomba ruhusa akakae na wazabali wa Ezbet el-Nakhl, kaskazini ya Kairo, si mbali na Matareya ambako Wakristu huonyesha mti wa Bikira Maria. Alipewa kibanda kama chao, chenye nguruwe mlangoni. Akaanza na shule ya watoto wadogo na dawa kidogo.

Jambo ninalolistaajabia si kukaa kwake kibandani, bali kwamba hakuwaambia waache kazi yao. Aliwatafutia shule, zahanati, maji, na kiwanda cha kugeuza mavi ya nguruwe na mabaki ya chakula yawe mbolea, ambayo wakulima waliinunua. Tangu mwaka 1976 alifanya kazi pamoja na Sista Sara, mtawa wa Kikopti, na hivyo Mkatoliki na Mkopti walilala chini ya bati moja miaka ambayo wakubwa wao walikuwa bado wakijadiliana juu ya umoja. Mwaka 1993 alirudi Ufaransa kwa utii, akafa tarehe 20 Oktoba 2008, akiwa amebakiza majuma machache tu atimize miaka 100. Nao Wakopti wenyewe walichonga katika mwamba wa Mokattam kanisa la Mtakatifu Simeoni Mtengeneza Ngozi, fundi maskini ambaye, kwa mapokeo yao, sala zake zilikihamisha kilima hicho katika karne ya 10. Ndani ya pango hilo waweza kuketi watu elfu nyingi. Mwenye kwenda kusali huko hana budi kupita kwanza kati ya magunia.

Basi tufike mwaka 2003. Serikali ya Misri ilitaka mji mkuu ufanane na miji mingine mikubwa ya dunia. Ikaandika mapatano ya miaka 15 na makampuni ya Hispania na Italia, kwa malipo ya dola karibu milioni 50 kwa mwaka. Yalikuja makamyo makubwa yenye kubana takataka, watu wenye mavazi ya namna moja, na mapipa yaliyowekwa penye pembe za barabara. Wazabali hawakuulizwa neno. Makampuni yalitakiwa kugeuza sehemu 20 tu katika 100. Zilizosalia zizikwe ardhini jangwani. Kazi ambayo watu walikuwa wakiifanya kwa kiasi mara nne zaidi, tena bila kuigharimu serikali, sasa ilinunuliwa kwa dola.

Lakini mji si karatasi. Kamyo kubwa haikuweza kuingia katika vichochoro vya Kairo, ambamo mikokoteni miwili ikikutana mmoja sharti urudi nyuma. Mama mzee wa ghorofa ya saba, aliyezoea kuacha ndoo yake mlangoni pa jiko, sasa aliambiwa ashuke na kutembea mpaka pembe ya barabara. Wengi hawakushuka. Waliendelea kumwita mzabali wao kwa siri na kumlipa, huku malipo ya makampuni yakiongezwa katika karatasi ya umeme. Yaani walilipa mara mbili kwa takataka zile zile. Mapipa yalijaa yakafurika, mengine yakaibiwa. Usiku watu waliyapekua kutafuta chupa na karatasi, wakiacha chakula kimemwagika chini. Baada ya muda makampuni yenyewe yaliwakodi wazabali kwa malipo haba, maana hawakupata wengine waliojua ngazi na milango. Mimi sioni kwamba wageni hao walikuwa watu wabaya, wala kwamba makamyo ni kitu kibaya. Kosa lilikuwa katika mchoro: aliyeuchora aliona barabara, hakuziona ngazi.

Pigo la pili lilikuja mwaka 2009. Habari za homa iliyoitwa ya nguruwe zilipoenea duniani, serikali iliamuru mwishoni mwa Aprili kwamba nguruwe wote wa Misri wauawe, karibu 300,000. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesema kwamba homa hiyo ilikuwa ikipita toka mtu hata mtu, na kwamba kuwaua wanyama hakutasaidia. Amri haikurudi. Wengine waliuawa kwa ukatili, na fidia ilikuwa ndogo sana. Familia nyingi za Mokattam zilipoteza kwa siku chache mali iliyokuwa karo ya shule, mahari na akiba ya ugonjwa.

Kisha mji ulianza kuona ni nani aliyekuwa akiukulia uchafu wake. Zaidi ya nusu ya takataka za Kairo ni mabaki ya chakula. Mzabali asiye na nguruwe angeyabebea nini hayo mabaki mpaka Mokattam? Alichukua plastiki na karatasi, akaacha maganda. Mwaka ule milima ya takataka ilioza barabarani hata mitaani mwa matajiri, na panya wakaongezeka. Watu ambao hawakupata kufikiri habari za nguruwe maisha yao yote walisikia harufu ya kukosekana kwao.

Baada ya hapo wakubwa walianza kusema kwa lugha nyingine. Mwaka 2013 Bibi Laila Iskandar, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi pamoja na wazabali wa Mokattam, alifanywa waziri wa mazingira. Wazabali walisaidiwa kuanzisha makampuni madogo yenye vyeti, wapate kuandikiana mapatano na mji kwa jina lao wenyewe. Mapatano ya wageni yalipokwisha hayakufanywa tena kwa namna ile. Nguruwe nao walirudi, ingawa si wengi kama zamani. Mambo mengi bado hayajatengenezwa, na mzabali hajawa mtu wa heshima kwa sababu ya waziri mmoja. Lakini shauri moja lililotoka Mokattam lilipata kusikika, nalo ni jepesi kwa namna ya ajabu: kila nyumba itenge vitu vyake katika mifuko miwili, mmoja wa chakula, mmoja wa vitu vikavu. Msichana anayechambua hatachovya tena mikono katika uozo kutafuta karatasi, na karatasi haitalowa ikapoteza bei yake.

Turudi sasa kwetu. Miji yetu haina ngazi za chuma. Ina vilima, na vijia vya udongo ambavyo kamyo haitavipanda hata tungepewa kamyo mia. Wako tayari watu wanaopita katika vijia hivyo na magunia: wakina mama wanaonunua chupa tupu, vijana wanaokusanya chuma na sufuria zilizotoboka. Huko Bukavu na Goma wako hata wanaoyeyusha plastiki na mchanga wakafanya matofali ya kutandaza uani. Twawaita vichaa au wevi. Wahandisi wachorapo mtaa mpya huweka kanisa, soko, shule na kituo cha polisi. Sijaona bado mchoro wenye uwanja wenye paa na maji ambapo mama huyo aweza kuchambua gunia lake bila kufukuzwa. Wala halmashauri zetu, zikaapo kuzungumza juu ya ziwa, haziwaiti watu hao waje waseme ni kitu gani kinachonunuliwa na ni kipi kinachobaki mtaroni mpaka mvua ikichukue.

Nina mwanafunzi mmoja ambaye mama yake hufanya kazi hiyo. Zamani wenzake walimcheka kwa sababu ya mikono yake, akawa haji shuleni siku za Jumatatu, ambazo ndizo siku za kuosha chupa. Niliyajua hayo na nilikawia kuyakemea. Mwezi uliopita nililisimulia darasa langu habari za Mokattam karibu kama nilivyozisimulia hapa, nikasema kwamba chupa za plastiki zote zaweza kuuzwa. Alinyosha mkono, akasimama kama tulivyowafundisha, akanisahihisha. «Hapana, mwalimu. Nyeupe zauzwa, na zile ngumu za mafuta. Za kijani hakuna anayezitaka, hizo tunaziacha.» Kisha akanitajia bei ya kila namna, nami nikaziandika ubaoni.